Glencolumbkille, Bonde la Mtawa

Katika Donegal, kaskazini-magharibi ya Ireland, ipo parokia ya Glencolumbkille, ambayo jina lake kwa Kiairishi maana yake ni bonde la Colm Cille, yaani mtawa, ambaye jina lake maana yake ni njiwa wa kanisa, aliyevuka bahari mwaka 563 akaasisi monasteri kisiwani Iona. Kijiji chake, Cashel, kina jina lenye maana ya ngome ya mawe. Kila tarehe 9 Juni mahujaji wanaomuenzi mtawa huyo, baadhi yao miguu mitupu, huzuru kwa taadhima vituo 15, ambavyo miongoni mwavyo mna mawe yaliyosimikwa na kuchongwa misalaba, na wafikapo kwenye kituo chenye kisima huongeza mawe juu ya rundo lililorithiwa tangu kwa wahenga. Ramani za karne ya 19 ziliyaandika majina ya Glencolumbkille na Cashel kwa tahajia ya Kiingereza. Maana yake wameihifadhi wenyeji, ambao miongoni mwao wangalipo wasemao Kiairishi hata leo.