Unene wa Chuma ni Mali ya Mnunuzi

Hakuna kijiji cha Kasulu wala cha Kibondo kinachojenga darasa au zahanati leo pasipo kununua chuma. Wananchi huchoma matofali, huchota mchanga na kuponda kokoto kwa mikono yao wenyewe, lakini nondo za nguzo, pembe za kushikia paa na mabati hazichimbwi mtoni. Hununuliwa kwa fedha iliyotoka katika maharage, mahindi na kahawa, nazo nyingi husafiri zaidi ya kilometa elfu moja kutoka pwani hadi kuifikia milima yetu. Wengi wa wasomaji wetu ni wajumbe wa kamati za ujenzi. Kwa hiyo twaona inafaa tueleze chuma hicho hupataje umbo lake, maana kinachouzwa dukani ni umbo, na ndani ya umbo ndimo hila hupita.

Watu wa Buha si wageni wa kazi hii. Nchi yao imezungukwa na mafundi wa chuma wa tangu kale. Kaskazini wako Wahaya, ambao matanuri ya mababu zao yalichunguzwa na wataalamu Schmidt na Avery. Taarifa yao ya mwaka 1978 ilionyesha kwamba chuma chenye kaboni kiliyeyushwa huko yapata miaka elfu mbili iliyopita. Wako pia Warongo wa Uzinza, waliosifika kwa majembe, na kusini wako Wafipa na matanuri yao marefu ya udongo. Katika nchi hizi za magharibi jembe halikuwa zana ya shamba tu. Lilitolewa mahari na lilinunulia mifugo. Biashara ya majembe ya Ulaya ndiyo iliyowadhoofisha wayeyushaji hao. Wahunzi wamebaki, lakini leo hufua vyuma chakavu, kama vile springi za magari, yaani chuma ambacho kimekwisha kupitia kiwandani.

Atakaye kuelewa kinu kikubwa cha chuma na amtazame kwanza mhunzi huyo. Hukitia chuma katika makaa, mvukuto hupuliza mpaka chuma kiwe chekundu kinachoelekea manjano, kisha hukipiga upesi. Kikianza kufifia hukirudisha motoni. Kila pigo hukipunguza chuma unene na kukiongeza urefu au upana. Mhunzi hapunguzi chuma chenyewe, ila hukihamisha kutoka mahali pamoja kwenda pengine.

Kinu cha kuvingirisha hufanya hayo hayo kwa nguvu ambayo mkono wa mtu hauna. Feleji, yaani chuma cha pua, huja kikiwa kipande kinene kilichosubiwa. Huingizwa katika tanuri na kuchomwa mpaka nyuzi za joto 1,200 hivi za Selsiasi, mahali ambapo chuma hakijayeyuka bado, lakini kimelainika na kutii. Kitokapo, ngozi yake huwa na magamba yaliyozaliwa na moto na hewa. Katika vinu vikubwa magamba hayo hufukuzwa kwa maji yenye kani kubwa, kwani yakibaki hugandamizwa ndani na kulitia bamba makovu. Kisha kipande hupitishwa kati ya rola mbili nzito zinazozunguka kuelekeana, na nafasi iliyo kati yake ni ndogo kuliko unene wa kipande. Rola hukishika, hukivuta na kukibana. Hupitishwa tena na tena, na kila safari nafasi hupunguzwa.

Tunawaomba wasomaji washike hesabu moja hapa. Tuseme kipande kina unene wa milimita 200 na urefu wa meta 2. Kikibanwa mpaka kiwe na unene wa milimita 20, na upana wake usibadilike, urefu wake utakuwa meta 20. Hakuna kilichoongezeka. Unene uliopotea umegeuka kuwa urefu. Tutairudia hesabu hii, kwa sababu ina faida yake sokoni.

Kwa nini kazi hii hufanywa kwa moto? Si kwa sababu ya ulaini peke yake. Chuma kimefanyika kwa chembe ndogo zilizoshikamana, na chuma kilichosubiwa kikapoa huwa na chembe kubwa, na pengine uwazi mdogo ndani yake. Rola huzivunja chembe hizo na kuubana uwazi. Na kwa kuwa joto ni kali, chembe mpya zilizo ndogo zaidi huota papo hapo mahali pa zile zilizovunjwa. Chuma cha chembe ndogo ni kigumu kuvunjika. Kikibanwa baridi huzidi ugumu kila kinapobanwa, na hatimaye hukataa. Ndiyo maana mhunzi wa Kasulu, ambaye hakuwahi kuziona chembe hizo, huacha kupiga mara wekundu unapokwisha.

Bamba hutokana na rola zilizo laini. Boriti yahitaji werevu zaidi. Mwaka 1783 Mwingereza Henry Cort alipata hataza ya kutumia rola zenye mifereji, na tangu hapo chuma kikaweza kutoka kinuni kikiwa duara, mraba, pembe au reli, kwa kufuata mfereji kilimopitishwa. Baadaye Henry Grey akabuni kinu chenye rola za kulala na rola za kusimama zinazobana kwa pamoja, na mwaka 1901 mjini Differdange, Luxembourg, zikaanza kuvingirishwa boriti pana zenye sura ya herufi H. Sura hiyo si pambo. Boriti iliyobeba mzigo hubanwa upande wa juu na kuvutwa upande wa chini, na katikati haina kazi kubwa. Basi chuma kingi huwekwa juu na chini, na katikati huachwa ukuta mwembamba wa kuziunganisha pande hizo mbili. Seremala wetu ajua siri hiyo anaposimamisha ubao wa paa kwa ubavu wake badala ya kuulaza; ubao ukiongezwa kimo mara mbili, uwezo wake wa kubeba huongezeka mara nne.

Kazi ya kinu si ya kuchezea. Katika vinu vidogo wako wafanyakazi wanaoudaka kwa koleo ufito mwekundu unapotoka upande mmoja, wakaugeuza na kuurudisha katika mfereji wa pili. Ufito ukikosa njia hujikunja na kuruka kama nyoka wa moto. Mwajiri anayemweka mtu mahali hapo bila viatu vya kazi, glovu na kinga ya uso hana udhuru, hata akituambia kwamba bei ya nondo imeshuka.

Chuma kilichovingirishwa kiliingia Kigoma kwa wingi kabla na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1914 reli ya kati ilifika ziwani, na reli ni zao la rola toka mwanzo hadi mwisho, kilometa 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam. Juu ya njia hiyo ikaja meli nzima ikiwa vipande. Iliundwa mjini Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kutiwa katika makasha yapatayo 5,000, kisha mabamba yake yakapigwa ribiti tena Kigoma. Ilishushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Goetzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mabamba yaliyokaa chini ya maji miaka minane yalibeba abiria hata baada ya meli kutimiza miaka mia moja. Huo ni ushahidi wa kutosha kwamba waliopima unene wake hawakumdhulumu mtu.

Nchi yetu nayo ina vinu. Kile cha Tanga kilianza kazi katika miaka ya mwanzo ya 1970, na vingine vimejengwa baadaye Dar es Salaam na pwani. Vingi huvingirisha nondo, pembe na bapa kutokana na vipande vilivyoagizwa au vyuma chakavu vilivyoyeyushwa. Boriti kubwa na mabamba mazito huja kwa meli kutoka ng'ambo, ingawa mawe ya chuma ya Liganga, wilayani Ludewa, yamejulikana kwa miaka mingi. Mabati nayo huanza maisha yake katika rola za moto za ng'ambo, ndipo huvingirishwa baridi na kupakwa zinki. Mnunuzi wa mabati akumbuke kwamba namba ya geji ikipanda, bati limepungua unene.

Sasa turudi katika ile hesabu. Mwenye kinu akikaza rola kidogo, kipande kile kile humpa nondo nyingi zaidi. Chuma kilichotosha nondo 100 za milimita 12 kitatoa nondo 119 za milimita 11. Akiziuza zote kwa jina la milimita 12, amepata nondo 19 za bure, na kila nguzo iliyojengwa kwa nondo hizo imepungukiwa chuma kwa sehemu 16 katika kila mia. Jicho halioni tofauti ya milimita moja. Hata kipimo cha mkono huweza kudanganya, kwa sababu nondo ina mbavu, na mbavu hupimwa kana kwamba ni mwili.

Mzani ndio usioweza kuhongwa na mbavu. Chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, ugawe kwa 162. Utapata kilo za kila meta moja. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa meta 12 yapasa kuwa na kilo 10.7 hivi. Ya milimita 10 ni kilo 7.4, na ya milimita 16 ni kilo 19. Kanuni za viwango huruhusu tofauti ndogo, lakini nondo inayoitwa ya 12 ikipima kilo 9, hiyo ni ya milimita 11, na muuzaji aelezwe hivyo mbele ya watu. Urefu nao upimwe, kwani nondo nyingi hufika zimekunjwa katikati ili zienee katika lori, na meta moja iliyokatwa haionekani katika mkunjo. Kisha fundi achukue kipande kimoja akikunje polepole kikiwa baridi: kikipasuka mahali pa kona, shehena hiyo isipokelewe hata kama uzito wake umetimia, kwa maana uyeyushaji wake ulikuwa mbaya tangu tanurini.

Mizani ya kupimia magunia ya mahindi na maharage imo katika ghala la karibu kila chama cha ushirika. Kamati na iiazime siku lori linapofika, ipime nondo kumi kumi kabla hazijashushwa zote, na iandike uzito katika daftari lile lile yalimoandikwa majina ya waliochanga.