Je, wajua mnanaha unaziba nini ubongoni?

Mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, hakuna anayepanda mnanaha. Huota wenyewe palipovurugwa udongo: jalalani, kandokando ya barabara, katikati ya mahindi. Tunda lake la miiba limejaa mbegu ndogo nyeusi, na vijana huambiana kwamba hiyo ni bangi ya bure. Uongo huo unaua.

Tuulinganishe na dawa nyingine ya njozi. LSD, ambayo mkemia Albert Hofmann aligundua nguvu yake mjini Basel mwaka 1943, huamsha vipokezi vya kemikali ya ubongo iitwayo serotonini. Rangi huzidi, kuta hupumua, lakini aliyeinywa mara nyingi anajua kuwa ni dawa. Mnanaha hauamshi. Atropini na skopolamini zilizomo hukalia vipokezi vya kemikali nyingine, asetilikolini, na kuviziba, kama kijiti kilichovunjikia ndani ya kufuli: ufunguo upo, hauingii. Bila asetilikolini ubongo haushiki kumbukumbu wala hauwezi kutulia kwenye jambo moja. Basi mtu huzungumza na jirani asiyekuwepo, huvuta sigara isiyokuwa vidoleni, wala hashangai, maana uwezo wa kutilia shaka nao umezimika. Akizinduka, pengine siku ya pili, hakumbuki kitu.

Vipokezi vya jamii hiyo vimo pia nje ya ubongo. Ndiyo maana mate hukauka, jasho hukatika na mwili ukawaka moto, mboni hutanuka, moyo hukimbia, mkojo hukwama. Mtu wa namna hiyo asifungwe kamba nyumbani eti ana mapepo. Apelekwe hospitali upesi, na asiachwe peke yake karibu na ziwa.

Tena si lazima uutafute. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, zaidi ya watu 300 waliugua na 5 wakafa baada ya kula uji wa unga wa msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) uliokuwa na sumu hizo. Mbegu chache zilizovunwa pamoja na nafaka zinatosha. Kwa hiyo inaniuma kuona mnanaha ukiachwa uchanue na kupukutisha mbegu pembeni mwa shamba la maharage, wakati kuung'oa ungali mchanga ni kazi ya dakika chache.

Hata hivyo, hospitalini atropini hiyohiyo, ikipimwa, hutanua mboni daktari achunguze jicho, huharakisha moyo uliozubaa, huokoa aliyekunywa baadhi ya dawa za wadudu. Skopolamini huzuia kichefuchefu cha safari.