Usitupe Mbachao: Miwani Iliyotoka Jaani

Wazee wetu walinena: usitupe mbachao kwa msala upitao. Methali hii nimeisikia tangu ningali mwana wa chuo, ubao mkononi, wala sikudhani kwamba siku moja ingenirudia nikiwa Nairobi, katika mitaa ya Eastlands, kwa sababu ya miwani isiyomsaidia mtu kusoma.

Nilikuwa nimefikia kwa mpwa wangu, Majengo ya Pumwani. Jioni, baada ya sala ya magharibi, akaniambia, "Mjomba, kesho nitakupeleka ukaone miwani." Nikamjibu, "Mwanangu, miwani ninayo machoni." Akacheka.

Kesho yake tukaingia ukumbi mmoja wa sanaa walimotundika kazi za Cyrus Kabiru. Sitawaficha, jambo la kwanza lililonijia ni hasira. Sisi watu wa pwani tumezoea kuiona sanaa katika mlango wa nakshi, katika kofia iliyoshonwa kwa mkono, katika hati nzuri ya msahafu. Hapa nilionyeshwa waya, vizibo vya soda, vijiko na vipande vya bati, vimepindwa na kuunganishwa hata vikawa miwani mikubwa ya kufunika nusu ya uso. Nikamwambia mpwa wangu, "Takataka hizi ndizo tulizozipandia matatu?"

Akanijibu kwa adabu, "Mjomba, twende kwanza ukaone zinakotoka."

Tukaenda mpaka upande wa Dandora. Jaa lile lilianza katikati ya miaka ya 1970, na mwaka 2001 ilikwisha semwa kwamba limejaa. Hata hivyo malori bado yanamwaga. Ng'ambo ya Mto Nairobi ni Korogocho, na huko ndiko alikokulia Kabiru, aliyezaliwa mwaka 1984. Mwenyewe amesimulia kwamba kila alipoamka asubuhi kitu cha kwanza kukiona kilikuwa taka. Alipokuwa mtoto alitamani miwani, na baba yake akamwambia kuwa akiitaka ajitengenezee mwenyewe. Naye akajitengenezea! Shuleni aliwapa wenziwe vitu alivyounda, nao wakamfanyia kazi zake za masomo. Hakupitia chuo cha sanaa, lakini mwaka 2015 kazi yake ilikuwemo katika maonyesho ya Making Africa, kwenye jumba la Vitra huko Ujerumani. Huunda pia sanamu kutokana na zile baiskeli nyeusi za zamani, ambazo pikipiki zimezisukuma kando.

Hapo nikajirudi. Nani aliyetufundisha kwamba kuchanganya vitu namna hii ni jambo geni kwetu? Aliyefika Mambrui, kaskazini ya Malindi, ameiona nguzo ya kaburi la kale iliyopachikwa bakuli za kaure kutoka China. Bakuli huumbwa zitiwe chakula. Fundi wetu akaona zafaa kupamba nguzo. Na mwaka 2018, huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenziwe walishusha majini jahazi liitwalo Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa rangi za malapa makuukuu. Mwanzoni mwa 2019 likatweka tanga hadi Unguja. Sote twajua dini yetu inavyokataza israfu. Basi anayekitoa kitu jaani akakipa kazi tena, tumwite mchafu?

Lakini nisije nikawadanganya. Miwani ile haikuliondoa jaa. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi karibu na Dandora, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiasi kinachokubalika. Moshi ule hauna uzuri wowote, na msanii asibebeshwe mzigo wa serikali ya kaunti.

Nami, usiku ule Majengo, nilikumbuka jambo. Nilipokuwa mdogo niliokota waya jaani nikaunda gari. Nilichapwa, na gari likatupwa. Aliyenichapa hakukosa, maana jaani mna misumari na maradhi. Ila hakuniuliza nilikuwa naunda nini, nami sikuunda tena. Baba yake Kabiru alimwambia mwanawe neno moja tu, ajitengenezee, na neno lile likamfikisha Ulaya.

Basi ewe mzazi mwenzangu, mwanao akirudi na waya mkononi, mnyang'anye msumari, mwoshe mikono kwa sabuni. Kisha kaa naye kitako umuulize anaunda nini.