Pikapu Mbili Nyeupe na Swali la Bei

Wapwa wangu, sogeeni karibu. Baridi ya Sumbawanga ya mwezi wa sita haina mchezo. Leo nina hadithi ya pikapu mbili.

Palikuwa na pikapu mbili nyeupe, zote Toyota Hilux. Ziliegeshwa hapa mjini, Milanzi, chini ya mikaratusi, zikisubiri mnunuzi. Rangi moja. Bodi safi. Tairi nzima. Moja ilikuwa ya zamani, tuiite Mzee. Nyingine ilitoka kiwandani miaka kadhaa baadaye, tuiite Kijana. Dalali akaja, akazizunguka, akataja bei. Ajabu! Bei ya Mzee ilikaribiana kabisa na bei ya Kijana.

"Mjomba, kwani gari likizeeka si hushuka bei?"

Umeuliza vyema, mpwa wangu. Aulizaye njia hapotei. Hushuka, ndiyo. Lakini hayashuki yote kwa mwendo mmoja. Kijana naye alishangaa kama wewe.

"Shikamoo, Mzee," akasema.

"Marahaba, kijana wangu."

"Mimi ni wa juzi tu. Nina nguvu. Kwa nini bei zetu zinafuatana hivi?"

Mzee akacheka taratibu, moshi ukamtoka kidogo. "Usitazame rangi. Tufungue boneti, tutazamane."

Wakafungua boneti. Mzee alikuwa na injini ambayo mafundi huiita 5L. Silinda nne, ujazo wa cc 2,986, yaani karibu lita tatu. Haina turbo. Haina kompyuta. Pampu yake ya dizeli ni vyuma na meno tu, vinasukumana. Kijana alikuwa na 2KD. Silinda nne pia, cc 2,494. Ndogo kuliko ya Mzee, lakini ina turbo, ina sensa, na ina kompyuta ya kuiamrisha imwage dizeli kiasi gani na saa ngapi.

"Mjomba, turbo ni nini?"

Swali zuri hilo! Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe. Moshi unatoka, feni inazunguka, feni inasukuma hewa ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, dizeli inaungua vizuri. Dizeli ikiungua vizuri, nguvu inapatikana.

Na hapa kwetu hewa ni jambo kubwa. Sumbawanga ipo juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi. Kila pumzi ina hewa pungufu kuliko ya Dar es Salaam, pungufu kwa karibu sehemu moja katika sita. Mzee anahema. Kijana anasukumiwa hewa na turbo yake, hasikii sana.

Sasa washushe wote wawili hadi Muze, kule bonde la Ziwa Rukwa. Wapakie magunia ya mpunga. Waambie wapande milima ya Lyamba lya Mfipa warudi huku juu Ufipa. Ni kupanda karibu mita 1,000. Kijana atatangulia. Mzee atakuja na gia ndogo, polepole, akinguruma.

"Basi, Mjomba, Kijana ndiye bora!"

Mlimani, ndiyo. Tena hunywa dizeli kidogo kuliko Mzee. Lakini mnunuzi wa gari lililotumika hanunui mlima tu. Ana swali jingine moyoni. Gari nalo lina swali hilohilo. Lisikilizeni: *Nikiumwa, nani ataniponya?*

Fikirini jikoni kwa bibi yenu. Yapo mafiga matatu, na lipo jiko la gesi. La gesi linapika haraka, halina moshi. Siku gesi ikiisha, au tundu likiziba, bibi anamsubiri mtu anayelijua. Figa likipasuka, anatoka nje, anaokota jiwe, ugali unaendelea. Mzee ni mafiga. Kijana ni jiko la gesi.

Nozeli za Kijana zina matundu membamba kama unywele. Dizeli hupita humo kwa msukumo mkubwa, zaidi ya mara 1,000 ya mgandamizo wa hewa tunayopumua. Maji kidogo kwenye dizeli, uchafu kidogo, na nozeli inaharibika. Nozeli hizo ni ghali, na kuzipima kunataka mashine maalumu. Kuna wakati watu walichanganya mafuta ya taa kwenye dizeli kwa tamaa ya faida, mpaka mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, ikaanza kuyawekea mafuta alama ya siri ili kuwanasa. Mnunuzi wa kijijini anayakumbuka hayo. Ndiyo maana anauliza: *Ikiumwa, nani ataiponya?*

Mzee anajibu bila wasiwasi: "Mimi fundi wangu yupo kila senta. Ana spana, ana nyundo, ana masikio ya kunisikiliza. Spea zangu zipo hata dukani penye misumari."

Hiyo ndiyo siri, wapwa wangu. Bei ya injini imo pia katika watu wanaoijua. Wakiwa wengi na wapo karibu, bei inashikilia. Wakiwa wachache na wapo mbali, bei inateremka.

Mtazameni kaka yao mkubwa, Land Cruiser mwenye injini ya 1HZ. Silinda sita, cc 4,164, haina turbo. Ilianza kutengenezwa mwaka 1990. Mmeiona kwenye magari ya wagonjwa na ya hifadhi za wanyama. Ni nzito, inakunywa. Lakini ikiuzwa hata kuukuu, watu wanagombania. Kwa nini? Semeni wote: kwa sababu ikiumwa, wa kuiponya wapo!

"Na ya petroli, Mjomba?"

Ya petroli ni tulivu, na asubuhi ya baridi huwaka upesi. Lakini ipakie mahindi, ipandishe mlima, uone inavyokunywa. Mfanyabiashara wa mizigo anapiga hesabu, anaiacha. Wanunuzi wakiwa wachache, bei inalala.

Msidhani basi kwamba Kijana amelaaniwa. La! Kila mwaka wenzake wanaongezeka barabarani. Mafundi vijana wanajifunza kusoma kompyuta yake. Spea zinafika Tunduma, zinafika hapa mjini. Kadiri anavyojulikana, ndivyo anavyopata heshima sokoni. Na mmpeleke Dar es Salaam, penye mashine za kupimia, huko atamwacha Mzee mbali kwa bei. Injini ileile, mahali tofauti, bei tofauti.

Lakini Mzee asijivune. Jina la injini halitoshi, na afya nayo huangaliwa. Mnunuzi mwerevu huja alfajiri, injini ikiwa baridi. Anaweka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, anajua imewashwa kabla hajafika, na huenda kuna jambo linafichwa. Inawashwa mbele yake. Anatazama moshi. Mweusi, dizeli haiungui yote. Wa bluu, injini inakula oili. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, pengine gasketi imeungua, maji yanaingia. Kisha anafungua kifuniko cha oili injini ikinguruma. Upepo ukimpuliza usoni kwa nguvu, anajua pistoni zimechoka. 5L iliyochoka ni chuma tu, hata ikisifiwa namna gani.

Mwisho anaomba kadi ya gari. Anainama, anafuta vumbi na mafuta kwenye injini kwa kitambaa, anasoma namba iliyochongwa. Anailinganisha na ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana, injini ilibadilishwa na kadi haikurekebishwa TRA, mamlaka ya mapato. Hapo bei inaporomoka, au mnunuzi anaaga.

Wapwa wangu, mmesikiliza vizuri sana, na mmeuliza vizuri zaidi. Kesho mkipita mjini mkaona pikapu, msiishie kusifia rangi. Muulizeni dereva kwa adabu: Shikamoo, gari hili lina injini gani? Linakunywaje likipanda kutoka Muze? Na likiumwa, nani analiponya? Dereva anayejua majibu atafurahi kuwaeleza. Na siku mtakaponunua la kwenu, ulizeni hayo kabla ya kutoa pesa, maana siku ya kuliuza mtaulizwa ninyi.