Yasmin alikimbia kabla ya kumjua Denge: ugomvi wa sebuleni Minto juu ya "Vuta n'kuvute"

MINTO, SYDNEY – Ugomvi ulianza baada ya chakula cha usiku, na chanzo chake kazi ya skuli. Mtoto wa dada yangu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, na mwalimu kawataka walinganishe riwaya moja na filamu yake. Wenzake wote wamechukua vitabu vya Kiingereza. Yeye akasema atachukua "Vuta n'kuvute", kwa sababu nyumbani kitabu kipo na bibi yupo.

"Mama mdogo, njoo tutazame wote," akaniambia. "Na bibi naye aje."

Bibi ndiye mama yangu mzazi. Nimekuja naye kutoka Muscat kumtazama dada, anayeishi hapa Minto, kusini magharibi ya Sydney, kwenye njia ya treni ya Campbelltown. Mama aliolewa Unguja akiwa na miaka 16. Liweke hilo, msomaji, litarudi.

Kwa wasioisoma: riwaya hii ya Shafi Adam Shafi ilitoka 1999, na Tanzania imesomeshwa miaka mingi kidato cha 5 na cha 6. Ni Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza bado anatawala. Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka 15, anaozwa Raza, mwenye duka wa miaka 52, kisha anahamishiwa Mombasa. Hamtaki. Anamwacha, anarudi Unguja, jamaa zake wanamfungia mlango. Anayempokea ni Mwajuma, shoga yake wa Ng'ambo, mtu wa taarab. Ni huko tu, baada ya yote hayo, ndipo anapokutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi, anayefanya siasa za uhuru kwa siri huku polisi wakimwinda.

Filamu aliitengeneza Amil Shivji. Ilioneshwa Toronto 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kwenye mashindano ya Oscar. Yasmin ni Ikhlas Gafur Vora, Denge ni Gudrun Columbus Mwanyika. Picha zake nzuri wallahi. Mama alikuwa akitaja vichochoro kwa majina.

Lakini mwanzoni tu akasema, "Hebu simamisha."

Kwenye filamu, Denge na Yasmin wanakutana usiku wa manane, wakati binti yuko njiani kwenda kuolewa. Yaani Denge kaja kabla ya mume. Kitabuni kinyume chake: kwanza ndoa, kwanza nyumba ya Raza na Mombasa, kwanza kufukuzwa na ndugu. Denge anakuja mwisho.

"Wamemtia mwanamume njiani," mama akasema. "Sasa kila atakayetazama atasema huyu kakimbia kwa sababu ya mwanamume. Ndivyo walivyokuwa wakisema kwetu, kila msichana akiondoka. Kitabu hakikusema hivyo."

Mtoto akamjibu kwa hoja za darasani, na si za kitoto. Filamu ni kama saa moja na nusu, huwezi kuzunguka Mombasa na kurudi. Jina lenyewe ni mchezo wa kuvutana kamba, na kamba inataka watu wawili. Ukimchelewesha Denge, upande mmoja unabaki hauna mtu. Mapenzi na siasa lazima vianze kuvutana mapema, la sivyo mtazamaji anazima.

Kwa upande wa mchezo yuko sawa. Hata hivyo mimi niko na mama. Kitabuni Yasmin anavuta kamba peke yake kurasa nyingi, na anayevuta upande wa pili si mtu mmoja: ni umri wa Raza, ni ndugu, ni maneno ya watu. Mapenzi yanapokuja, yanamkuta mtu aliyekwisha jivua mwenyewe. Mpangilio wa matukio ndio unaotuambia kakimbia nini, au kamkimbilia nani.

Jina lake pia lina kazi. Asumini kwetu huchumwa jioni, hufungwa vikuba, hutandazwa kitandani kwa bibi harusi, na asubuhi yamenyauka. Mwandishi kampa jina hilo msichana anayekataa kitanda alichotandikiwa.

Halafu Ng'ambo. Zamani mkono wa bahari uliutenga Mji Mkongwe na upande wa pili, na Darajani ilipata jina kwa daraja lililokuwapo. Yasmin anapovuka kwenda kwa Mwajuma anavuka kabila, tabaka na heshima ya ukoo, vyote mara moja. Ng'ambo ile leo sehemu yake ni majumba ya Michenzani. Dada akacheka, akasema hata Minto ni hivyo: nyumba za serikali za miaka ya 1970 zilivunjwa kwa wingi, wapangaji wakahamishwa, kukajengwa upya. Na sisi jamaa zetu wa Unguja wanatuitaje? Watu wa ng'ambo.

Najua wapo Muscat wasiotaka kukisikia kitabu hiki, kwa kuwa Denge ni komredi na 1964 wanaijua kwa msiba wa nyumbani kwao. Nawaelewa, mama mwenyewe alikaa nacho miaka bila kukifungua. Lakini kabla ya kuwa cha vyama, ni kitabu cha msichana aliyeozwa, na wasichana hao tunao katika kila ukoo.

Filamu ilipokwisha, mtoto akamgeukia.

"Bibi, na wewe ulitaka kukimbia?"

Dada akanitazama. Mama alikuwa akikunja mtandio wake magotini.

"Ningekimbilia kwa nani? Mimi sikuwa na Mwajuma."

Mtoto akaenda chumbani. Saa tano usiku taa yake ilikuwa bado inawaka. Kafuta kichwa cha habari cha kwanza, kilichokuwa juu ya Denge na Yasmin, na sasa anaandika juu ya nyumba ya Mwajuma. Kazi inatakiwa Jumatatu. Kitabu kakikosa mezani asubuhi, kumbe bibi yake kalala nacho.