Jerbera kwa mbegu katika lupango ya Kasulo

Bamama wa koperative wananiuliza kwa nini mbegu za jerbera zinagoma kuota. Mara nyingi zimezeeka tu. Baada ya miezi michache nguvu inaisha. Tena tunazizika sana, na zenyewe zinataka mwanga. Mche nao, moyo wake ubaki juu ya udongo, la sivyo mvua ya Desemba inauozesha. Ukishika vizuri, unatoa maua miaka kadhaa.

Lakini makopo msijaze ule udongo wa mashimo ya kobalti, hata kama uko mlangoni (najua uko). Mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walionyesha kobalti nyingi katika mkojo wa watu wa Kasulo, zaidi watoto. Na watoto ndio wanamwagilia maua. Leteni udongo wa mbali, mchanganye na mbolea ya mbuzi iliyooza.