Mimba Baada ya Miaka 35

Hapa Manundu mama mmoja wa miaka 41 aliniuliza: "Daktari, mmepima damu yangu. Je, mtoto ni mzima?"

Nilimweleza ukweli. Damu ya kliniki huonyesha upungufu wa damu, kaswende na virusi vya ukimwi. Haionyeshi kromosomu.

Kromosomu ni vijiuzi vidogo sana ndani ya chembe za mwili. Ndivyo hubeba urithi. Kila chembe ina 46. Mtoto akiwa na 47 kwa sababu ya 21 kuzidi moja, huchelewa kutembea na kusema. Mwaka 1959 madaktari wa Ufaransa walilitangaza jambo hili. Kwa mama wa miaka 20 hutokea kwa mtoto 1 katika 1,500 hivi. Kwa mama wa miaka 40 ni 1 katika 100. Si uchawi wala si kosa la mama.

Kipimo cha hakika hufanywa na daktari bingwa kuanzia wiki ya 15. Huchota kwa sindano maji kidogo yanayomzunguka mtoto. Mara chache mimba huharibika. Zahanati hazina kipimo hicho, na rufaa huchukua siku. Kwa hiyo njoo kliniki kabla ya wiki 12, utaje umri wako wa kweli. (Wengine hujipunguzia miaka!)

Mtoto akizaliwa hivyo, apimwe moyo. Karibu nusu yao huwa na kasoro ya moyo, na nyingi hutibika. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.